Bodi ya Kiyoyozi katika Gari la Zamani: Inavyokufa na Inavyofufuliwa

Bodi inayoongoza kiyoyozi cha gari ni kipande cha saketi kinachoenea kiganjani. Huwa kimejificha nyuma ya swichi za dashibodi, au upande wa abiria, nyuma ya kile kisanduku kinachowekwa kadi ya gari na leso. Kazi yake ni kuamua: kompresa izunguke au ipumzike, feni ipulize kwa nguvu au polepole, hewa itokee miguuni au ielekezwe kwenye kioo. Bodi ikifa, gesi inaweza kuwa kamili, kompresa ikawa nzima na mkanda ukawa mpya, na bado ndani ya gari pakabaki joto lilelile la nje.

Wenye magari ya zamani hupoteza fedha nyingi kwa kutolijua hilo. AC ikiacha kupoza, gereji nyingi huanza kwa kuongeza gesi. Kama mfumo hauvuji, gesi ya ziada haisaidii kitu. Inapandisha mgandamizo na kuitesa kompresa. Gesi yenyewe, R134a, ambayo magari yalianza kuitumia badala ya R12 mwanzoni mwa miaka ya 1990, ni miongoni mwa zile ambazo mataifa yalikubaliana kuzipunguza katika Marekebisho ya Kigali ya Oktoba 2016, kwa kuwa ikitoka hewani huchangia sana kuipasha dunia joto. Fundi makini kwa hiyo huuliza swali moja kabla ya kushika mtungi: je, kompresa imeamriwa kuzunguka? Kama haijaamriwa, gesi haina hatia.

Bodi za magari ya zamani ni za namna mbili. Ya kwanza ni ya AC ya kawaida, yenye vitasa vya kuzungusha na kitufe kimoja kilichoandikwa A/C. Humo mna kidude ambacho mafundi hukiita amplifaya, na ambacho Toyota hukipa namba ya spea inayoanza na 88650. Jina hilo huwapotosha watu wakadhani ni chombo cha redio, kumbe ni kile kinachopokea ishara dhaifu za vihisi na kuzigeuza kuwa amri ya kuwasha kompresa. Namna ya pili ni AC ya kujiendesha, yenye kioo cha tarakimu. Dereva huchagua nyuzi 22 au 25, na bodi yenyewe hupanga feni na milango ya hewa mpaka joto hilo lipatikane. Baadhi ya Land Cruiser za mfululizo wa 80 na wa 100, pamoja na saluni kadhaa za Kijapani za miaka ya 1990, zina bodi za namna hii ya pili. Bodi hizo zina vipande vingi zaidi, na penye vingi pana vingi vya kuharibika.

Namna bodi inavyoamua si fumbo. Katikati ya mapezi ya evaporeta, yaani lile rejeta dogo la baridi lililo ndani ya dashibodi, huchomekwa kihisi kiitwacho thamista. Joto likishuka, upinzani wake wa umeme hupanda. Katika Toyota za wakati huo husoma karibu omu 1,500 kwenye nyuzi joto 25, na kati ya omu 4,500 na 5,200 kwenye nyuzi 0. Bodi huutazama upinzani huo bila kupumzika. Evaporeta ikikaribia kuganda, hukata kompresa. Joto likipanda kidogo, huiwasha tena. Ule mlio mkavu wa “ta” unaosikika chini ya boneti kila baada ya muda ni klachi ya kompresa ikitii amri hiyo.

Magari mengi yana mlinzi mwingine: kihisi cha mwendo wa kompresa. Bodi hulinganisha kasi yake na kasi ya injini. Ikiona kompresa imebaki nyuma mno, huchukulia kwamba imejamu, huikata ili mkanda usikatike, kisha taa ya A/C huanza kumweta. Kumweta huko kumewafanya watu wengi wanunue kompresa wasiyoihitaji. Mkanda uliolegea, au waya wa kihisi uliokatika, huleta dalili hiyohiyo.

Amri yenyewe hupitia transista ndogo. Transista haina nguvu ya kuivuta klachi, ambayo hula ampia tatu hadi tano. Huwasha rilei tu, na rilei ndiyo hupeleka umeme mkubwa. Ikumbukwe hapa, maana bodi nyingi zilizoungua ziliungulia kwenye transista hiyo.

Mfano wa mazingira magumu ni Bonde la Kilombero, nchini Tanzania: lina karibu kila kitu kinachoweza kuua bodi. Humo imo Mofu, kata ya mpunga upande wa kusini-magharibi wa mji wa Ifakara, katika tambarare inayofurika maji kila masika. Bonde hilo liliorodheshwa mwaka 2002 kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Kwa gari, ardhi oevu ina maana ya hewa nzito yenye unyevu, zulia lisilokauka kuanzia Machi hadi Mei, na ukungu unaotanda kwenye kioo cha mbele mara mvua inapoanza. Kwa sababu hiyo AC huko haiwezi kuitwa anasa. Inakausha hewa kabla ya kuipuliza kwenye kioo, na dereva anayerudi kutoka Ifakara jioni ya mvua anaihitaji ili aone barabara. Kiangazi huleta upande wa pili wa shida. Vioo hufungwa kuzuia vumbi, na bila ubaridi chumba cha gari hakikaliki.

Joto lenyewe huanza kazi yake gari likiwa limesimama. Dashibodi iliyopigwa na jua la mchana hupata moto mkali kuliko hewa ya nje, na bodi iko palepale chini yake. Inayoumia kwanza ni kapasita ya elektroliti, kile kikopo kidogo cha alumini chenye majimaji ndani. Wataalamu wa elektroniki wana kanuni ya jumla kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wa kapasita hiyo kwa nusu. Baada ya miaka 25 au 30, majimaji ama yamekauka ama yamevuja. Yakivuja hula njia za shaba za bodi na kuacha rangi ya kijani au weusi. Kapasita zilizobandikwa juu ya bodi katika vyombo vya mwishoni mwa miaka ya 1980 na ya 1990 zina sifa mbaya hasa kwa kuvuja, na magari ya Kijapani ya enzi hiyo hayakusalimika.

Mtikisiko unafuata. Barabara ya kutoka Kidatu kwenda Ifakara ilikuwa ya vumbi kwa miaka mingi, na njia za kwenda vijijini bado ni za udongo. Kila tuta na kila shimo husukuma bodi juu na chini, huku joto la mchana na ubaridi wa AC vikitanua na kubana viungo vyake. Risasi ya kulehemia iliyoshikilia miguu ya rilei, ya soketi na ya vipande vizito hupasuka polepole, na duara jembamba hujichora kuuzunguka mguu. Gari la namna hii huwa na tabia ya kuchekesha machoni pa asiyejua: AC inakataa asubuhi na kukubali mchana, au inakubali mtu akipiga dashibodi kwa kiganja. Kofi likiiwasha, kiungo kimepasuka mahali fulani.

Panya nao wana sehemu yao. Msimu wa mpunga huwaleta majumbani na ghalani, na gari lililolala karibu na magunia huwa kiota. Hutafuna nyaya za thamista, ambazo ni nyembamba.

Kisha kuna madhara ya mikono ya watu. Mazoea ya kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inaunguruma, eti kupima kama alteneta inachaji, ni hatari kubwa kwa kila bodi ndani ya gari. Betri ndiyo inayomeza mishtuko ya umeme. Ikiondolewa ghafla, volti zinaweza kuruka kutoka 14 hadi makumi kadhaa kwa muda mfupi sana, na muda huo unatosha kuunguza transista. Kuchomelea bati la gari kwa welding bila kutoa nyaya za betri ni kosa la jamii hiyohiyo.

Uchunguzi huanza nje ya bodi, kwa sababu bodi ndiyo ya mwisho kulaumiwa na ya kwanza kuharibiwa na fundi mwenye haraka. Fyuzi hutazamwa, na kwa kuipima, si kwa kuiangalia tu. Betri inapaswa kuonyesha karibu volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, na karibu 14 ikiwa inaunguruma. Feni ijaribiwe kwa kasi zote. Feni inayofanya kazi kwenye kasi ya juu pekee kwa kawaida ina ugonjwa wa rezista ya feni, kipande kinachobadilishwa peke yake. Rilei ibadilishwe kwa muda na nyingine inayofanana nayo, kama ile ya honi, mradi namba zinalingana. Swichi ya mgandamizo wa gesi ipimwe, maana gesi ikiwa imepungua sana swichi hiyo hukata kompresa kwa haki.

Toyota zenye AC ya tarakimu hutoa msaada ambao madereva wengi hawajui kwamba upo. Katika nyingi za miaka ya 1990, mtu akibonyeza AUTO pamoja na kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, huku akigeuza ufunguo hadi ON, taa zote humweta kisha namba za makosa huonekana kwenye kioo. Sifuri mbili ni afya. Namba 11 ni kihisi cha joto la ndani, 12 cha nje, 13 cha evaporeta, 22 ni mwendo wa kompresa, 23 ni mgandamizo wa gesi. Namba 21 ni kihisi cha jua, na hutokea hata kama hakuna ubovu endapo gari limepimwa kivulini au chini ya paa la gereji. Gari litolewe juani, lipimwe tena.

Vihisi, nyaya na rilei vikiwa vizima na bado bodi haitoi amri, wakati wa kuitoa umefika. Waya hasi wa betri hutolewa kwanza, na gari lenye mifuko ya hewa husubiriwa angalau sekunde 90 kabla ya kugusa dashibodi, ili umeme uliohifadhiwa kwa ajili ya mifuko hiyo uishe. Plastiki ya miaka 30 huvunjika kama kigae, kwa hiyo vishikizo husukumwa kwa kipande cha plastiki au mti laini, wakati gari lina joto la wastani, kamwe si kwa bisibisi kubwa. Picha za simu zipigwe kila hatua. Soketi mbili zinazofanana zikibadilishana nafasi, tatizo la pili huzaliwa.

Macho huona zaidi ya nusu ya ugonjwa. Bodi huwekwa chini ya mwanga wa pembeni na kukaguliwa kwa lenzi, pande zote mbili. Kinachotafutwa ni duara kwenye mguu wa kipande, kapasita iliyovimba au iliyolowanisha chini yake, njia ya shaba iliyogeuka kijani, doa la kuungua, na alama ya maji yaliyopanda kutoka kwenye soketi. Pua nayo ina kazi. Majimaji ya kapasita yakipata moto wa kulehemu hutoa harufu kama ya samaki aliyeoza, na fundi akiisikia anajua kwamba kipande hicho kimekwisha hata kama sura yake ni nzuri.

Bodi iliyoingia maji husafishwa kwa alkoholi ya aisopropili na mswaki laini. Petroli huacha mafuta na hula baadhi ya plastiki. Kuizika bodi ndani ya mchele, kama wengi wanavyofanya na simu, hakufai, hata katika bonde linalolima mpunga kuliko kitu kingine chochote. Mchele hauvuti maji yaliyonasa chini ya vipande, na wanga wake huingia kwenye soketi. Hewa inayopita na joto la upole hukausha vizuri zaidi, lakini ni baada ya kuosha. Maji ya mafuriko huacha chumvi na tope, na hivyo ndivyo vinavyoila shaba siku zinazofuata.

Viungo vilivyopasuka hulehemiwa upya. Risasi ya zamani yenye bati na madini ya risasi huyeyuka karibu na nyuzi 183, na ile isiyo na madini hayo karibu na 217. Ncha ya chombo cha kulehemia huwekwa kati ya nyuzi 320 na 360, na haikai juu ya mguu zaidi ya sekunde mbili au tatu. Ikikaa sana, shaba hubanduka kwenye bodi. Njia bora ni kuongeza dawa ya kulehemia, kunyonya risasi ya zamani, kisha kutia mpya. Kurundika mpya juu ya ya zamani huficha ufa bila kuuziba. Moshi wake hauvutwi, na mikono huoshwa kabla ya kula, maana madini ya risasi ni sumu.

Kapasita mpya inapaswa kuwa na maikrofaradi zilezile, na volti sawa au zaidi kidogo. Ichaguliwe iliyoandikwa 105°C badala ya 85°C. Bei yake ni ndogo, na tofauti ya umri ni kubwa. Upande wake ndio unaowaponza wanaojifunza. Kwenye kikopo cha elektroliti, mstari au weusi huonyesha hasi. Kwenye kapasita ya tantalamu, mstari huonyesha chanya. Ikigeuzwa hupasuka. Kabla ya kuweka mpya, sehemu iliyolowana husafishwa hadi shaba ing'ae, na njia iliyokatika huungwa kwa uzi mmoja uliochomolewa kwenye waya mwembamba.

Transista ya rilei hupimwa kwa multimita kwenye alama ya dayodi. Ikisoma sifuri kati ya miguu yake, imeungua. Hapo fundi asiishie kuibadilisha. Koili ya rilei na ya klachi hurudisha mshtuko wa volti kila zinapozimwa, na dayodi ndogo huwekwa sambamba nazo ili kuumeza. Katika magari mengine dayodi hiyo imo ndani ya rilei yenyewe. Mtu aliyeweka rilei ya aina nyingine isiyo na dayodi, kwa kuwa miguu ilikubali kuingia, ameipa transista mpya siku chache tu za kuishi. Koili ya klachi iliyopungua upinzani nayo huichosha rilei mpaka iungue.

Matatizo mengine ya bodi ni madogo. Kitufe kisichoitika huwa kimevaa ile kaboni nyeusi iliyo chini ya mpira wake. Giza la usiku kwenye swichi ni vitaa vilivyoungua. Tarakimu zinazokosa vipande huwa zimepoteza mguso kati ya kioo na bodi, au kapasita inayokilisha kioo imechoka.

Bodi iliyotengenezwa hairudishwi moja kwa moja kwenye gari. Mezani hupewa volti 12 kupitia taa ya indiketa ya wati 21 iliyofungwa kwenye waya wa chanya. Taa ikiwaka kwa nguvu zote, kuna shoti, na taa hiyo imeizuia bodi isiungue. Ikiwaka hafifu au isiwake, hatua inayofuata ni kuidanganya bodi. Badala ya thamista hufungwa rezista ya omu 1,500, na bodi huamini kwamba evaporeta ni ya moto. Ikifungwa ya omu 4,700, huamini kwamba inaganda na inapaswa kukata. Amplifaya nyingi hazitoi amri bila ishara ya injini kuzunguka, kwa hiyo kwa hizo jaribio la mwisho lazima lifanyike garini.

Iko bodi isiyofufuka. Kompyuta ndogo iliyo katikati yake ikifa, hakuna duka linalouza iliyojazwa programu ya gari hilo, na kiwanda kilishaacha kutengeneza bodi nyingi za enzi hizo. Kinachobaki ni spea ya mtumba kutoka gari lililokatwa. Namba nzima iliyo kwenye kibandiko ilinganishwe, hadi tarakimu ya mwisho, kwa sababu bodi mbili zenye sura moja zinaweza kutofautiana kwa injini au kwa aina ya feni. Magari ya mtumba yaliyotoka Japani yana usukani upande wa kulia kama ya Tanzania, na hilo hurahisisha utafutaji. Inayonunuliwa nayo ifunguliwe ikaguliwe kapasita, maana umri wake ni uleule.

Wapo wanaokata shauri kufunga swichi ya kuwasha kompresa moja kwa moja. AC hupoza, kwa muda. Bila thamista hakuna wa kuikata, evaporeta huganda kama jokofu lililosahaulika, hewa hukoma kupita, na gesi isiyochemka hurudi kwenye kompresa ikiwa majimaji na kuivunja. Kwenye unyevu wa Kilombero kuganda huko huja upesi kuliko sehemu kavu.

Bodi ikisharudi mahali pake, injini huwashwa, AC hufunguliwa, na sikio hutega mlio wa klachi. Matone ya maji chini ya gari baada ya dakika chache ni dalili njema: hewa inakaushwa, na maji yanatoka panapotakiwa. Yasipotoka, bomba la mpira la kutolea maji chini ya evaporeta limezibwa na vumbi na makapi, maji yanajaa ndani ya sanduku, na njia yake ya kumwagika ni juu ya zulia la abiria, na katika magari mengine juu ya soketi za bodi iliyotoka kulehemiwa. Bomba hilo huzibuliwa kwa waya laini au kwa pumzi ya pampu, na katika Mofu inafaa kufanya hivyo kila mwaka kabla ya mvua za Machi.